Boma la Mama Ndani ya Duka la Gemu

Mama yangu alikuwa akivaa kitenge chake cha kanisani kila alipokwenda nyumbani, na nyumbani kwenyewe kulikuwa ndani ya kompyuta, kwenye meza ya nyuma ya duka langu la stationari hapa Machochwe, kati ya printa na mashine ya kopi. Najua inavyosikika. Wapo wateja waliokuwa wakinitazama kwa jicho la huruma, wakidhani bibi amechanganyikiwa na binti yake anamwendekeza. Hakuwa amechanganyikiwa. Alikuwa na akili zake zote, kuliko mimi na hao wateja, na ndiyo maana nimeamua kulisimulia jambo hili mwenyewe kabla halijasimuliwa na watu wasiojua.

Baba yangu alijenga boma letu kijijini Nyangoto. Alipofariki, mama alibaki pale na ng'ombe, sisi watoto tukiwa tumetawanyika: mimi nimeolewa huku Serengeti, mdogo wangu wa kiume, kitindamimba, yuko chuoni Mwanza anasomea kompyuta. Halafu dhahabu ikaonekana kwenye shamba la jirani, na mwamba wenye dhahabu ukaelekea kwetu. Baba zangu wadogo wakakaa kikao, wakakubaliana na kundi la wachimbaji waliotoka mikoa mingine. Mama hakuitwa kwenye kikao. Aliitwa kupewa matokeo. Akasema yeye aliolewa pale akiwa msichana, na watoto wake wote kawazalia pale, wakamjibu kwa upole kabisa kwamba hakuna anayemfukuza, ila ardhi ni ya ukoo, yeye alikuwa ameruhusiwa tu kuishi. Hilo neno, kuruhusiwa, alinisimulia mara nyingi sana, na kila mara alilitamka polepole kama mtu anayetafuta mfupa wa samaki mdomoni.

Haukupita muda mrefu, palipokuwa na zizi pakawa na duara, na penye jiko pakawa na duara lingine. Mnaojua uchimbaji mdogo mnajua duara ni nini: shimo la kushuka kwa kamba, na pembeni yake kifusi kinachoongezeka kila siku. Nilikwenda kumchukua mama nikiwa na pikipiki ya kukodi na kiroba kimoja. Alifunga vitu vyake mwenyewe, kibuyu cha maziwa, kigoda cha baba, vyungu viwili, mswaki wa kusafishia kibuyu. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, akanikemea niache kumtia aibu mbele ya wageni.

Sasa nimpeleke wapi? Kwetu mama mkwe halali kwa mkwe wake. Watu wa mikoa mingine wanatushangaa, lakini ndivyo tulivyo. Mume wangu na mama yangu wakikutana njiani mmoja anaingia kichakani, na wanaheshimiana kuliko watu wanaokaa sebule moja. Mume wangu, Mungu ambariki, alisema atamjengea kibanda mbali na nyumba yetu. Mama akasema kuliko akalale kwenye ardhi ya mkwe atalala barabarani. Wa kumtunza mama ni kitindamimba, ndiyo kawaida, lakini kitindamimba alikuwa hana hata mahali pa kuchomeka mti wa uzio, maana sehemu yake ndiyo hiyo iliyokwenda kwenye maduara. Ikabidi nimpangie mama chumba kwenye nyumba iliyo nyuma ya duka langu.

Miaka yote aliyokaa mle hakukiita chumba chake. Alikiita "kwa yule mama mwenye nyumba." Kiroba hakukifungua. Alikisimamisha kwenye kona kikiwa kimefungwa kamba, na nilipomwambia nimpigie misumari ukutani atundike kibuyu, alinijibu, "Wewe msichana, nifungue halafu nifunge tena kwa ajili gani?" Nina watoto walio sekondari lakini kwake mimi ni "wewe msichana." Aliamini dhahabu itaisha, wale watu wataondoka, naye atarudi.

Mdogo wangu alipomaliza chuo alipata kazi kwenye loji moja upande wa Ikoma, kushughulikia mitandao na kompyuta za mapokezi. Akiwa na mapumziko alikuja huku kwa pikipiki, vumbi mpaka kwenye kope. Loji ilipobadilisha vifaa vyake aliuziwa kompyuta moja ya zamani, akaileta dukani kwangu kwa sababu chumba chake cha wafanyakazi kilikuwa na watu wengi. Nilifurahi, nikajua nimepata ya kuchapia. Siku ya pili namkuta anacheza gemu.

Nilimsema siku hiyo. Nilimwambia mtu mzima mwenye shahada, mama yake hana pa kulala, anakaa kupanga matofali ya kwenye kioo. Aligeuza kioo kidogo ili nione vizuri. Ilikuwa gemu ya kujenga: unapewa ardhi tupu, unachimba udongo, unakata miti, unajenga unachotaka, unafuga. Alikuwa ameanza uzio wa minyaa. Nikaangalia ule uzio unavyokata kona kuelekea kisimani, nikautambua: ulikuwa uzio wetu wa Nyangoto.

"Dada," akasema, "lango lilikuwa linatazama huku au huku? Mimi nimesahau."

Mimi pia sikuwa na uhakika. Tukamwita mama.

Mara ya kwanza hakuelewa anachoonyeshwa, akadhani ni picha iliyopigwa kutoka juu. Alipoelewa kwamba mwanawe anajenga, na kwamba anaweza kubomoa na kuweka tena, alivuta kiti akakaa, na tangu hapo kazi ikawa yake. "Mura, hicho kihenge umekipeleka karibu na zizi, unataka ng'ombe wale mtama wangu?" Mura ni kijana, kwa Kikurya, na kwake mdogo wangu hakuwahi kuwa na jina lingine. Kihenge kikasogezwa. Mlango wa nyumba kubwa ukageuzwa. Jiwe ambalo baba alinolea panga likawekwa, likatolewa, likawekwa tena hatua chache pembeni mpaka mama akanyamaza, na kunyamaza kwake ndiko kulikuwa kukubali. Ng'ombe wa gemu walikuwa wa rangi moja ya kahawia wote, mama akawakataa, akasema hao ni ng'ombe wa mtu mwingine. Mdogo wangu akahangaika wiki nzima huko Ikoma kutafuta namna ya kuwapaka mabaka.

Kaburi la baba liliwekwa mwisho, pembeni ya zizi. Mama akaagiza iachwe nafasi upande wa kushoto, na kwamba pasipandwe kitu. Hatukuuliza ya nini.

Hapo ndipo nilipoanza kujifunza habari za maduka ya gemu, nami nilidhani najua duka ni nini. Kumbe siku hizi gemu ya kompyuta hainunuliwi kwenye sanduku. Kuna maduka ya mtandaoni, hayana mlango wala muuzaji. Unalipa, gemu inaandikwa kwenye jina lako, unaicheza. Mdogo wangu alinieleza yapo mengi ila makubwa ni mawili yaliyokabana koo. La kwanza ni la zamani, kila mchezaji yuko humo, na kwa sababu hiyo linamkata mtengenezaji wa gemu fungu nono kwa kila anachouza. La pili lilikuja juzi juzi na pesa nyingi, likasema lenyewe litakata kidogo, na kila wiki likawa linagawa gemu bure ili watu wahamie kwake. Likawa pia linawalipa watengenezaji wauze kwake tu, kwa mwenzake wasionekane. Nikamwambia hayo tunayo hapa Machochwe. Wauza maduka wawili wanaotazamana pale senta walipogombana, mmoja alianza kutoa kiberiti bure kwa kila anayenunua sukari, mwingine akatoa chumvi, sisi tukawa tunacheka tu na kubeba. Mdogo wangu akacheka pia. Alisema, "Ndiyo hivyo hivyo, dada, ila hawa hawakuuzii. Wanakuruhusu utumie." Mama alikuwa pale anakunywa uji. Akauliza hilo neno, kuruhusu, limetoka wapi tena, nikambadilishia mazungumzo.

Sasa, gemu yetu ilikuwa ya duka la zamani, na ilinunuliwa Kenya. Hapa ndipo watu wa mbali watatuona wajinga. Duka lile lilikuwa linapokea pesa za simu za Kenya lakini za kwetu halipokei, na sisi Kenya si nchi ya kigeni. Mama amezaliwa upande ule. Mama mdogo, ndugu yake, ameolewa Isebania, ukitoka Sirari mpakani unamfikia kwa miguu jasho halijakutoka. Misiba tunazikana, harusi tunachangiana, ng'ombe wanavuka bila kuulizwa. Mdogo wangu alipotaka gemu alifanya ambacho yeyote kati yetu angefanya: alimpigia mtoto wa mama mdogo, wakafungua akaunti kwa laini yake ya simu, nchi wakaandika Kenya, akalipiwa. Hatukuona kama tunadanganya. Bei ya Kenya ilikuwa tofauti na ya huku, hilo tulikuja kulijua baadaye sana, tulipoambiwa kwamba ndilo kosa letu.

Jambo jingine mnielewe. Boma halikuwa ndani ya kompyuta yetu hasa. La kwanza alilolianza mdogo wangu lilikuwa humo, umeme ukakatika, diski ikafa, kazi yote ikapotea. Kwa hiyo la pili akalihifadhi kwenye mitambo ya wenye gemu, huko walipo, kupitia ile akaunti. Alimwambia mama, "Huko hakuna mchwa wala umeme haukatiki." Mama akasema basi liwekwe huko.

Baada ya kanisa Jumapili, ndipo mama alipokuwa akienda bomani kwake. Mdogo wangu akiwepo alimwendesha yeye. Asipokuwepo nilimwendesha mimi, na mimi mausi inanishinda, najigonga kwenye kuta. "Unanitembeza kama mlevi," alikuwa akisema. "Pita nje ya zizi, siyo katikati, kitenge hiki utakifua wewe?" Tukifika langoni alisimama. Namaanisha alisimama kweli, pale dukani, akapiga hodi. Mdogo wangu alikuwa akimwitikia kwa sauti nzito, "Karibu, mama," sauti ya baba kabisa, na mama alitabasamu kidogo akaketi. Halafu tunazunguka. Anatazama mtama. Anauliza yule ng'ombe mwenye mabaka mbona yuko peke yake. Anasimama kaburini, mimi naondoa mkono kwenye mausi tusije tukasogea.

Siku moja alituambia wazi alichokuwa anakifikiria. Alisema wale watu wakimaliza dhahabu yao watatuachia mashimo, na mashimo yanafukiwa. Ila baba zetu wadogo wamezeeka, na yeye hatakuwepo siku zote, na sisi tumeshasahau hata lango lilipotazama. Kwa hiyo hili boma la kwenye kioo lisiguswe. Mura siku akirudishiwa pake, alifungue, atazame, ajenge vilevile, jiko hapa, kihenge pale. "Mimi nimemaliza kueleza," alisema. Mdogo wangu aliinamisha kichwa akajifanya anafuta vumbi kwenye kibodi. Kwa mwanamume wa kwetu kushindwa kumjengea mama yake nyumba ni jambo la kuteremsha macho mbele za watu, na mama yake alikuwa amempa kazi anayoiweza.

Mwaka jana ukaja ujumbe kwenye barua pepe. Mdogo wangu aliusoma pale dukani akiwa amefurahi. Lile duka jipya lilikuwa limewalipa watengenezaji wa gemu yetu, wakakubaliana iuzwe kwake tu. Duka la zamani linaishusha kwenye rafu. Waliokwisha kuwa nayo hawatapoteza kitu, viwanja vyao vyote vya kwenye gemu vitahamishiwa duka jipya bure, ila kila mwenye kiwanja aunganishe akaunti zake mbili kabla ya siku fulani. Visivyo na mwenyewe vitafutwa.

"Tunahamishwa bure," alisema.

Mama alikuwa mlangoni. "Nani anahamishwa?"

"Hapana mama, ni gemu tu. Boma linabaki vilevile, linabadilisha duka."

"Kwa nini?"

"Wenye maduka wanagombania wateja."

Mama akasema, "Na wenye boma wameitwa kwenye kikao?"

Tulicheka, mimi na mdogo wangu. Nikikumbuka kile kicheko nakereka.

Ili kuunganisha, duka jipya lilikuwa linatuma namba za siri kwenye laini ya simu iliyofungulia akaunti. Laini ilikuwa ya mtoto wa mama mdogo, naye alishakwenda vibarua mbali, simu ameiacha kwa mke wake. Mdogo wangu akaomba ruhusa kazini, akapakia kompyuta mgongoni, akaenda hadi Sirari, akavuka. Nilikwenda naye kwa sababu mama alinituma nikahakikishe. Mama mdogo alitupokea kwa chai na mandazi, akafurahi kutuona, akasema, "Si mngeniambia mapema nichinje kuku?" Tukaweka kompyuta mezani, simu ya Kenya pembeni, na mtandao mdogo wangu akaurusha kutoka kwenye simu yake ya huku, maana hata pale sebuleni kwa mama mdogo laini zetu zinashika vizuri.

Namba ya siri ikaja. Akaijaza. Duka likamuuliza unaishi nchi gani. Akasita.

"Andika Kenya, si ndiyo iko kwa akaunti?" mama mdogo akasema.

Akaandika Kenya. Kikaja kiduara kinazunguka, kinazunguka, halafu maandishi mekundu. Alisoma kimyakimya, akasoma tena, rangi ikimtoka. Nikamwambia asome kwa sauti. Duka jipya lilikuwa linasema mtandao tunaotumia ni wa Tanzania, haulingani na nchi tuliyoandika, kwa hiyo limeuliza duka la zamani. Hawa waliokuwa wanagombana kama majogoo, kwenye hilo walielewana mara moja. Duka la zamani likaangalia kumbukumbu zake, likaona akaunti ya Kenya imekuwa ikifunguliwa Tanzania miaka yote, likaifunga kwa kosa la kukiuka masharti ya duka kuhusu nchi.

Mama mdogo alikuwa bado ameshika birika. "Sasa hao wanataka nini? Si nyinyi ni watoto wangu?"

"Ndiyo, mama mdogo."

"Basi waambie."

Mdogo wangu aliwaambia. Aliandika, kwa Kiingereza chake kizuri cha chuoni, kwamba mama yetu kazaliwa upande huu na kuolewa upande ule, kwamba laini ni ya ndugu yetu wa tumbo moja kwa kadiri tunavyohesabu sisi, kwamba hatukutaka kuiba bei, na kama ni bei yuko tayari kulipa tofauti yote. Aliwaambia kilichomo. Nilimsikia akitafuta maneno ya Kiingereza ya kueleza kaburi la baba kwenye gemu, na nikatoka nje kwa sababu niliona haya kwa niaba yake. Majibu yalikuja haraka, yote ya adabu, yote yanafanana. Samahani kwa usumbufu. Tumepitia ombi lako. Uamuzi hautabadilika. Akaandika duka jipya, wakamwambia akamalizane na la zamani. Akaandika la zamani, wakamwambia gemu ile hawaiuzi tena, awaulize wenzao. Nilimwuliza hakuna ofisi ya hawa watu, hata Dar es Salaam, tukapande basi tukawaone uso kwa uso. Akasema hakuna. Mimi nimezoea kugombana na watu, jamani. Nimegombana na wenyeviti wa kijiji, nimegombana na baba zangu wadogo hadharani mpaka wakaitisha kikao cha kunijadili. Sijawahi kukutana na watu ambao hawana mlango wa kubisha.

Ile siku ya mwisho ilifika ikapita. Mdogo wangu alikuwa Ikoma kazini. Alinipigia jioni, akasema, "Dada, wameshafuta," nikasikia wageni wa loji wanacheka nyuma yake huko. Hakuweza kulia pale. Nililia mimi.

Mama hatukumwambia mara moja. Tulimwambia mtandao ni mbovu. Jumapili ikaja, akavaa kitenge, akaja, nikamwambia mtandao mbovu. Akarudi kwa yule mama mwenye nyumba. Jumapili nyingine hivyo hivyo. Alikuwa hanibishii, na hilo lilinitisha, kwa sababu mama yangu anabisha hata salamu.

Halafu, sijui niseme ni bahati au ni dhihaka, lile duka jipya likaigawa ile gemu bure. Wiki nzima, kwa kila mtu, ili kuwavuta waliobaki kwa mwenzake. Mdogo wangu alikuja mbio na pikipiki. Safari hii alifungua akaunti kwa jina lake, laini yake ya huku, nchi Tanzania, kila kitu halali. Akasema atajenga upya, safari hii kwa haraka zaidi kwa sababu anajua, na mama yupo wa kumwelekeza. Alikuwa na matumaini, maskini, uso umemng'aa. Mimi nikamwamini. Nikaenda mwenyewe kumwita mama.

Alikuja na kitenge chake. Alisogeza kiti, akabaki amesimama, akapiga hodi.

Mdogo wangu hakuitikia. Nadhani sauti ya baba ilimkataa.

Kwenye kioo kulikuwa na nyasi, tambarare mpaka mwisho wa macho, jua, na miti michache ambayo hakuna mtu aliyeipanda. Mama aliinama, akasogeza uso karibu. Alitazama upande wa zizi. Alitazama upande wa kaburi.

"Ng'ombe wako wapi?"

"Mama," mdogo wangu akasema, "lile boma letu limepotea. Walilifunga. Ila nimepata kiwanja kipya, hiki hapa, na nitajenga vilevile. Wewe niambie tu. Lango lilitazama wapi?"

Mama alinyoosha mkono kama mtu anayetaka kuonyesha, mkono ukabaki hewani, kisha akaushusha.

"Mura. Hiki kiwanja umekinunua?"

Mdogo wangu angeweza kusema ndiyo. Lakini hajawahi kumdanganya mama akiwa amemtazama machoni, mtandao mbovu niliusema mimi. "Hapana, mama. Wametoa bure."

"Ni chako?"

"Wameniruhusu kutumia."

Mama akafunga vizuri fundo la kitenge.

"Nimeshahama mara mbili," alisema, bila hasira yoyote. "Sihami tena." Akamshika mdogo wangu kichwani, akakiacha kiganja pale kidogo kama alivyokuwa akifanya tulipokuwa na homa. "Umejitahidi, mura. Zima, usipoteze bando." Halafu akanigeukia mimi. "Nipeleke chumbani kwangu."

Kwangu. Nilimshika mkono tukatoka, na nilikuwa nimekwisha kuelewa kabla hatujafika mlangoni.

Ndani alikaa kitandani, akaniambia nilete nyundo na misumari ya dukani. Alifungua kiroba mwenyewe, kamba ilikuwa imekaza akaikata kwa meno. Akatoa kigoda cha baba, akakifuta kwa upindo wa kitenge chake cha kanisani, akakiweka karibu na mlango. Akatoa vyungu. Akatoa kibuyu, akakinusa ndani, akanipa, akanionyesha ukutani mahali pa kupiga msumari. Nilipiga huku sioni vizuri kwa machozi, nikajigonga kidole, na yeye hakunikemea. Alisema tu nishushe kidogo, mkono wake usije ukashindwa kukifikia.